Saba Haijafika

...panua kidogo mzee, anasema daktari wa meno, nami napanua, pamba shavuni, ganzi imepanda mpaka sikioni, na hiyo redio yake... hapana, hiyo si redio, hilo gitaa nalijua, hilo ni gitaa la kaka yangu, na hizo ngoma, lo! hizo ni zangu mimi, santuri yetu hii, ya mwaka themanini na mbili, vijana wanne, nyimbo saba bila mwimbaji hata mmoja, mwenye duka akatuuliza sasa hapa anaimba nani, tukamwambia wewe sikiliza tu, hakusikiliza, hakuna aliyesikiliza, majalada yakaliwa na panya chini ya kitanda cha mama, na leo inapigwa juu ya kichwa changu na siwezi kutamka hata neno moja... Marehemu baba aliiacha, anasema daktari, nimeihamishia kwenye simu, inanituliza mikono, haya, mikono itulie binti yangu, mpiga ngoma wako umemshika taya, na alikuwa hodari, tuseme ukweli, hesabu ya saba ilinishinda lini mimi, hata usingizini naipiga, aliyeharibu ni kaka, upande wa pili, wimbo wa tatu, pale tunaponyamaza wote, tunahesabu moyoni, halafu tunaingia pamoja kwenye saba, yeye akaingia ovyo, nikamwambia mbele za watu, akanijibu ni wewe, mimi?! nikafungasha ngoma zangu nikaenda kutengeneza majokofu, miaka arobaini na ushee hatusemezani, na leo asubuhi dada kanipigia, kaka yako anapasuliwa moyo kesho, anataka kukuona, nikamjibu akiri kwanza, akalia, akakata simu... sasa kwa nini asikiri, kosa si lake? mimi santuri hiyo sijaisikiliza tena, nisikilize nini wakati nilikuwepo... Hapa! anasema daktari, mashine yake ya kutobolea imesimama hewani, hapa baba alikuwa ananyanyua kidole, sikia mzee, wananyamaza, mpiga ngoma anawahi, halafu mwenye gitaa anamdaka asianguke, utamu wote uko hapo... anawahi nani? wewe mtoto wewe! nataka kuinuka, ananikandamiza bega, tulia mzee, usiongee, ngoja nirudishe usikie vizuri, haya rudisha, rudisha tuone, nahesabu kwa kidole gumba ndani ya kiatu, moja, mbili, tatu, nne, tano, sita... saba haijafika. Saba haijafika na mimi huyo nimeshaingia, kishindo, kifua mbele, na kaka, jamani kaka, anaacha njia yake, ananifuata nilikopotelea, ananishika mpaka inakuwa kama tulipanga, alijua papo hapo, akanisitiri, nami nikamtukana mbele za watu... Inauma? anauliza daktari, maana machozi yananishuka mpaka masikioni, natikisa kichwa, haiumi, maliza haraka mama, leo hii nakwenda, na huu mdomo uliopinda, nitasimama mlangoni niseme kaka ni mimi, ni mimi niliyewahi, maneno yatatoka na mate, atasema rudia sijasikia, namjua, atasikia na atasema rudia, nami nitarudia mpaka achoke yeye, naweza, mimi ndiye niliyeingia kabla ya saba bila hata kupepesa jicho... panua mzee, anasema, nami napanua.