Lowesha Kifua Kwanza

Kerubo alipomwambia Madam kwamba anajua kuogelea, mimi nilikuwa nimesimama palepale na sinia la chai mkononi, na almanusura niliangushe. Mtu wa Kisii, milimani huko, ambaye maji mengi aliyowahi kuyaona ni ya tangi la shule! Mimi ndiye niliyezaliwa Mbita, kando ya ziwa, na kuogelea nilikujua kabla sijajua kusoma. Lakini Madam Hanan aliuliza mara moja tu nani kati yetu anajua kuogelea, na Kerubo akadakia kabla sijameza mate.

Swali lilikuwa na uzito wake. Baada ya Idi familia ingekwenda Ugiriki, na siku moja huko wangepanda meli ya kuzunguka visiwa kutwa nzima, meli ambayo husimama katikati ya bahari ili watu waruke majini waogelee. Tala, binti yao wa miaka saba, alikuwa ameshaanza kulala na vesti yake ya kuelea. Madam mwenyewe haingii maji yanayopita magoti, na Mister ana mgongo mbovu. Kwa hiyo mfanyakazi mmoja angekwenda, wa kuingia majini na mtoto, na mwingine angebaki Doha kulinda nyumba.

Huko kubaki ndiko Kerubo alikokuwa anakukimbia. Kiangazi kilichotangulia, kabla mimi sijaajiriwa, alibaki peke yake, geti limefungwa na ufunguo uko kwa dereva, ambaye alipita mara chache kumletea mkate na mayai. Aliniambia ilifika mahali akawa anaiaga friji kabla ya kwenda kulala. Alinisimulia akicheka, lakini macho hayakucheka.

Jikoni nilimbana.

"Wewe, unaniibia safari hivihivi nikiona?"

"Loice, tafadhali. Nikiachwa tena kwa hii nyumba nitawehuka. Nakuambia ukweli."

"Na mtoto akizama?"

"Si utanifundisha? Ama nyinyi watu wa samaki mnazaliwa na mapezi?"

Nilikuwa na hasira, na wivu pia, sitaficha. Tangu nifike Doha nilikuwa nimeuona mji huu kupitia kioo cha gari, na mtaa wa Al Mansoura, alikokuwa akiishi rafiki yangu Phyllis, nilikuwa nimefika mara moja tu. Na mimi nilitaka kwenda mahali. Ningerudi sebuleni nikasema neno moja, mambo yakaisha. Sikusema, kwa sababu Kerubo alikuwa ameushika ukingo wa sinki kwa mikono miwili kama mtu aliye ndani ya gari linalokwenda kasi, na nikamwonea huruma.

Basi tukaanza. Mwaka huo Ramadhani iliangukia kiangazi. Kila siku Mister alienda kazini Lusail asubuhi, na Madam na Tala, wakishakula daku, walilala hadi alasiri. Nyumba nzima ilikuwa kimya, mapazia yamefungwa. Sisi tukatoka kwa mlango wa nyuma, tukiwa na fulana na suruali za kubana, tukakimbia kwa ncha za vidole juu ya vigae vilivyokuwa vinachoma, tukajitupa bwawani. Maji yenyewe yalikuwa ya moto. Siku nyingine nilidhani ukitia majani na sukari utakunywa chai.

Nilikuwa mwalimu mkali. Nilimpulizisha mapovu hadi akakohoa. Nilimlaza chali nikimshika mgongo kwa kiganja, nikawa nikimwambia aangalie juu, aache kupigana na maji. Alinitukana kwa Kikisii, nami nikamjibu kwa Kijaluo. Lakini ana kichwa kigumu, na kichwa kigumu kikiamua kujifunza, kinajifunza. Mfungo ulipokaribia kwisha akawa anakata bwawa kutoka ukuta hadi ukuta bila kugusa chini.

Sikukuu ya Idi tulipelekwa wote Al Wakrah, ufukweni. Kerubo akaingia baharini na nguo zake hadi shingoni, akarudi amejaa majivuno.

"Kumbe bahari ni bwawa tu lenye chumvi," akasema. "Na joto lake ni lilelile."

Nami nikaridhika. Hapo ndipo nilipokosea, ingawa sikujua.

Waliondoka, geti likafungwa. Siku za kwanza nilijifanya nafurahia. Nikapika ugali nikala mbele ya televisheni miguu ikiwa juu ya meza. Kisha miguu ikaanza kukataa kutulia. Nilisafisha madirisha yaliyokuwa safi. Nilihamisha viti vya sebuleni, nikavirudisha, nikavihamisha tena. Nilikwenda getini nikalitikisa, si kwamba nilitaka kutoka, nilitaka tu kulisikia likilia. Ilibidi nianze kujizuia nisiongee na friji.

Siku ya meli, Kerubo alinitumia ujumbe wa sauti kutoka kisiwa cha kwanza, alikopata mtandao wa mkahawa fulani. Nilikuwa jikoni, nikauweka kwa sauti ya juu ili nyumba isikie mtu.

"Loice wee! Hii meli ni kubwa kuliko kanisa letu! Tala amevaa vesti tangu asubuhi, amekataa kuitoa hata akikula. Hapa tumeshuka kutembea tu, nikaweka mguu kwa maji. Woi, baridi! Kama mto wa kwetu asubuhi. Lakini usijali, nitaruka tu vile ulinifundisha. Kapteni anasema kuogelea ni baada ya lunch, pale katikati, mahali hata chini hakuonekani. Nitaruka na Tala tukishikana mikono, tumeshapatana!"

Akacheka, upepo ukamkatiza.

Nikausikiliza tena. Baridi. Nikausikiliza mara nyingine, na mwili wangu ukajua kabla ya kichwa.

Kwetu ziwani, mama hakuwahi kuturuhusu kuingia majini asubuhi bila kulowesha kifua kwanza. Unachota kwa viganja, unajimwagia kifuani, kisha shingoni, kisha usoni, unangoja moyo utulie ndipo uingie. Aliyeruka mkavu alichapwa. Binamu yangu Maurice aliruka mkavu siku moja kutoka juu ya mwamba. Maji baridi yakamshika kifua, akavuta pumzi bila kutaka, na aliivuta akiwa chini. Walimtoa macho yamegeuka, naye alikuwa mwogeleaji kuliko sisi sote. Baada ya hapo hatukuhitaji kuchapwa.

Mimi sikumfundisha Kerubo jambo hilo. Halikunijia hata siku moja, maana katika maji ya bwawa letu ungelowesha kifua kwa ajili gani? Nilimfundisha kuogelea ndani ya chai. Na sasa angeruka kutoka juu, kifua kikavu, kwenye maji yasiyo na chini, huku amemshika mtoto mkono. Ile vesti inatosha kumbeba mtoto mmoja. Haiwezi kumbeba mtoto pamoja na mtu mzima anayemng'ang'ania.

Nikamwandikia asiruke, ashuke kwa ngazi, aloweshe kifua kwanza. Tiki moja. Nikamtumia sauti. Tiki moja. Nikapiga, hapatikani. Nikapiga tena, nikizunguka meza ya jikoni, upande huu, upande ule, hadi nikagonga nyonga kwenye pembe ya meza na nisisikie maumivu.

Simu ya Madam ndiyo iliyokuwa ikipatikana popote. Lakini kumpigia Madam ni kumchoma Kerubo. Alikuwa amedanganya juu ya mtoto wa watu. Wangeweza kumrudisha Kenya siku watakayotua. Na nani angeamini kwamba sikufanya hivyo kwa sababu safari ilinipita? Hata mimi nilijiuliza kama kilichonisukuma ni hofu au wivu. Nilijiuliza huku namba ikiwa imeshaanza kuita.

"Loice? Kuna nini, habibti? Nyumba iko sawa?" Nyuma yake kulikuwa na muziki na sauti za sahani.

Nikasema kwa Kiarabu changu cha jikoni, "Nyumba iko sawa, Madam. Samahani. Mwambie Kerubo asiruke. Ashuke polepole, ajimwagie maji kifuani kwanza. Ni baridi, hajazoea."

Akacheka. "Kerubo ni mwogeleaji, khalas. Usiwe na wasiwasi."

Ningeweza kuishia hapo. Nilikuwa nimesema, si ndiyo?

"Si mwogeleaji, Madam. Amejifunza Ramadhani hii, hapa bwawani, mkiwa mmelala. Nilimfundisha mimi. Maji baridi hajawahi kuyaingia."

Muziki uliendelea. Halafu nikamsikia akipiga kelele, akiita jina la Tala, si la Kerubo, na simu ikakatika.

Sijui nilitembea kiasi gani ndani ya nyumba ile mchana huo. Nilipanda ngazi bila sababu, nikashuka. Nilifungua kabati la nguo za Tala, nikalifunga upesi, maana lilinitia hofu. Jumbe zangu kwa Kerubo ziligeuka tiki mbili, kisha zikawa za buluu. Hakujibu. Mtu aliyezama hasomi ujumbe, nikajiambia, na bado nikaendelea kutembea.

Alasiri Madam akatuma picha. Tala alikuwa majini, anacheka, ameshikwa na baharia mmoja mwenye ndevu. Nyuma yao, juu kabisa ya ngazi ya meli, Kerubo alikuwa ameketi na taulo la mtoto mapajani. Alikuwa amevaa vazi jipya la kuogelea, refu, la mikono, na alikuwa mkavu. Hakuangalia kamera.

Niliketi sakafuni nikalia. Nililia kwa kushukuru, na nililia kwa aibu pia, kwa sababu ya lile vazi kavu.

Waliporudi hawakumfukuza. Tala angeandamana nyumba nzima. Lakini jioni ya kwanza, tukiwa tunaondoa vyombo, Madam alitamka mbele yetu sote wawili: safari zijazo ataenda Loice, na Kerubo atabaki. Alisema bila hasira, kama anayepanga zamu ya kufua. Kerubo aliendelea kupanga sahani.

Jikoni ndipo alipogeuka.

"Haya, umeipata. Hongera."

"Kerubo, nisikilize..."

"Nilikuwa nimesimama pale juu, Loice! Nimemshika Tala mkono, watu wanatuhesabia, moja, mbili. Ndio Madam anakuja akikimbia ananivuta na nguo mbele ya wazungu wote. Ningeweza! Umeniuza ndio uende wewe."

"Ungekufa."

"Hiyo hutawahi kujua," akasema, na alikuwa na haki. Sikujua, wala yeye hakujua.

Hakunisemesha tena. Tulipishana koridoni, tukala kwa zamu, tukalala chumba kimoja kila mtu amekabili ukuta wake. Ningependelea kuongea na friji.

Kisha adhuhuri moja, Madam na Tala wakiwa wamejipumzisha ghorofani, Kerubo alipita jikoni akiwa na fulana na suruali ya kubana, akatoka nje bila kuniangalia. Nikamfuata hadi mlangoni. Alisimama ukingoni kwenye kina kirefu, akaruka. Akakata bwawa, akageuka, akarudi, akakata tena. Aliogelea vizuri, mikono mirefu, kichwa kimetulia. Nilijivunia, Mungu anajua, hata nikiwa nimenuna. Akatoka, akasimama kwenye vigae akichuruzika maji.

"Umeona?"

Nikarudi jikoni. Nikatoa sufuria kubwa ya biriani, nikamwaga ndani yake barafu yote ya friza, nikajaza maji ya friji, nikakoroga kwa mkono hadi kifundo kikauma. Nilipotoka alikuwa bado pale, jua limeshaanza kumkausha mabega.

"Nimekuuliza, umeona ama hu..."

Nikammwagia kifuani, yote.

Mdomo ulifunguka. Hewa ikaingia kwa mlio, ikaingia, ikaingia tena juu ya ile ya kwanza, na haikutoka. Macho yakawa makubwa. Barafu ilidunda kwenye vigae ikatawanyika. Alitaka kusema jina langu, midomo ikatengeneza umbo lake, lakini sauti haikuwapo. Nilisimama mbele yake na sufuria tupu.

Pumzi ilipomrudia ilikuja vipandevipande. Akainama. Ndipo akaona mkono wake wa kulia. Ulikuwa umeukamata mkono wangu juu ya kiwiko, umeukaza hadi kucha zikaingia, na yeye hakuwa na habari. Akautazama kama mkono wa mtu mwingine. Alijaribu kuufungua, vidole vikakataa, ikabidi nivibandue mimi, kimoja kimoja.

"Ni huu mkono," akasema taratibu. "Ndio nilikuwa nimemshika nao Tala."

Tukasimama hapo, juani, tukiiangalia barafu inavyoyeyuka miguuni petu.

"Imebaki ingine?" akauliza.

"Imeisha yote."

"Gandisha ingine," akasema, meno yakigongana. "Kesho unimwagie tena."