Ndala za Bombani

Nyumba ya Mzee Mbonile, hapa Tunduma, ina vyumba sita, mita moja ya umeme na bomba moja uani. Bomba hilo lilikuwa linapiga shoti. Sisi wapangaji, watu wazima wenye akili zetu, tukalitafutia dawa: tukaweka ndala. Pea moja ya ndala za mpira, za bluu, zikae palepale bombani. Anayechota maji anazivaa, akimaliza anamwachia mwenzake. Miezi minane tuliishi hivyo. Tuligombana, tena sana, lakini tuligombania ndala: nani kaenda nazo chooni, nani kaziacha juani. Juu ya umeme hakuna aliyefungua mdomo. Nikikumbuka najidharau, ila namdharau zaidi aliyezinunua.

Maana zile za pili alizinunua yeye, Mzee Mbonile, mwenye nyumba, mzee wa kanisa, mtu wa benchi la mbele. Za kwanza zilipokatika tulimwambia bomba linauma. Akaenda sokoni, akarudi na ndala mpya, akatukabidhi kama anayetoa sadaka.

"Haya, wanangu. Mwenye nyumba anayejali ndiye huyu."

Na sisi tukasema asante. Roda wa chumba cha tatu alipiga mpaka goti.

Mwanangu Pendo ana miaka minne. Jumanne moja nilikuwa mpakani na vitenge vyangu, nimemwacha kwa Roda. Mtoto akashikwa na kiu, akaenda bombani peku na kikombe chake. Roda alimkuta amenasa, hawezi kulia wala kuachia. Akakimbilia mwiko wa ugali, mti mkavu, akampiga nao mkononi hadi akachomoka. Niliporudi kiganja cha mwanangu kilikuwa kimeungua, na midomo bado inamtetemeka. Siku hiyo nikaapa: ama bomba hili litengenezwe, ama nitamzika mtoto kutoka humu. La tatu halipo.

Nikaenda ofisi ya umeme. Wakaja vijana wawili kwa pikipiki, wakapima kwenye mita, wakasema kwao kuko salama. Kuanzia mita kuingia ndani ni mzigo wa mwenye nyumba. Nikamwita Osward, fundi wa mtaani. Akapanda darini, akashuka na utando wa buibui kichwani.

"Mama Pendo, huku noma. Vyumba vya nyuma vimeungwa kwa waya wa spika. Umechubuka, umelalia bomba la maji. Na waya wa ethi, ule wa kumwaga umeme ardhini, haupo kabisa."

"Nani aliunga?"

Akacheka. Aliyeunga ni Mzee mwenyewe, kwa mikono yake. Nyumba nzima ilimwona siku ile akipanda ngazi na koleo, na tulimsifu.

Nilipompelekea habari hiyo, alisema pasi yangu ndiyo mbovu. Kesho yake akasema mtoto ana degedege. Keshokutwa akanishitaki kwa mwenyekiti wa mtaa, Fanueli, kwamba naichafua nyumba yake, nihame. Fanueli ni mtu wa amani, yaani mwoga. Akaamua yaishe kwa chakula: nimpikie Mzee, nimwombe radhi mbele ya wapangaji wote, tule pamoja, nibaki. Kuhama ningeweza. Lakini Roda ana watoto watatu, na Gwantwa wa chumba cha mwisho ni mjamzito. Nikachinja kuku.

Jumamosi saa nne asubuhi, kabla Mzee na Fanueli hawajafika, nilizima swichi kubwa iliyo chini ya mita. Mimi si muuaji. Jua lilikuwa linawaka, hakuna aliyegundua. Kisha nikachukua ndala, nikazisukuma chini ya kitanda, Pendo ananitazama.

Wakaja. Mkeka nilikuwa nimeutandika uani, viatu vikavuliwa. Vya Mzee vilikuwa vyeusi, vinang'aa kuliko roho yake. Akaanza kuhutubia kabla hajaulizwa.

"Bomba langu ni zima. Nyumba hii nimeijenga kwa jasho langu. Kinachopiga shoti humu ni midomo ya wanawake."

Fanueli akacheka. Wapangaji nao wakacheka, aibu yao.

Nikatenga ugali, nikatenga kuku. Kwetu mgeni haendi kujinawia; mwenyeji humletea maji, akapiga goti na kummiminia. Hata mchawi, ukishamkaribisha, unamnawisha. Mzee akakunja mikono ya shati, akakinga viganja, akangoja. Mimi nikakaa.

"Mama Pendo, maji," Fanueli akaninong'oneza.

"Bomba lile pale. Ni zima, kasema mwenyewe."

Mzee akanyanyuka, angefanyaje? Akaenda peku mpaka kwenye saruji iliyolowa, akanyoosha mkono, akaurudisha. Akaangalia chini, akaangalia kushoto na kulia, akachungulia nyuma ya ndoo. Jasho likamtoka.

"Zile ndala ziko wapi?"

Pendo akatoka chumbani, amezikumbatia kwa mkono wenye bandeji. Akaziweka miguuni pake, akazipanga vizuri, ya kushoto kushoto, ya kulia kulia.

"Vaa, babu. Linauma."

Na mwanamume yule akazivaa. Mbele ya mwenyekiti, mbele ya vyumba vyote sita, akazivaa, kisha akafungua bomba kwa ncha za vidole.

"Umeme nimeuzima tangu saa nne, Mzee," nikasema. "Hizo umevaa za nini?"

Fanueli hakucheka tena. Alimtazama Mzee, akautazama mkono wa mwanangu, kana kwamba ndiyo kwanza anauona.

"Swichi hiyo isiwashwe," akasema, "mpaka Osward abadilishe waya wote. Na atakayemleta Osward ni wewe, Mzee. Radhi pia utaomba wewe."

Mzee hakuomba. Akashika njia, akatoka getini anaburuza miguu, viatu vyake vya ibada vimebaki kwenye mkeka.

"Mama!" Pendo akapiga kelele. "Babu kaondoka na ndala zetu!"

"Mwache nazo, mwanangu," nikamwambia. "Alizinunua mwenyewe."