Hatua Zote Mpaka Kigwena

Fahima alikuwa tayari kusamehe mvua, matope na mawe ya barabara ya Rumonge, kwa sababu vitu hivyo havijui vinachofanya. Ustadhi Tahiri alijua. Ndiyo maana siku ya pili ya safari, pale Gitaza, hasira zilimpanda Fahima mpaka masikio yakavuma.

Walikuwa watu ishirini waliotoka Buyenzi jana yake baada ya swala ya alfajiri, kwenda kwa miguu mpaka kaburi la Shehe Uledi kule Kigwena, mwendo wa siku tano kando ya ziwa. Kila mwaka watu huenda, na kila anayekwenda ana lake. Fahima alikuwa na la mumewe. Miezi saba iliyopita Faridi, fundi cherehani, alipasuliwa tumbo mara mbili, na mara ya pili daktari alitoka akawaambia waite ndugu. Hapo hapo mlangoni Fahima na wifi yake Raisa, dada wa Faridi wa tumbo moja, walishikana mikono wakaweka nadhiri: Mungu akituachia mtu huyu, tutakwenda kwa miguu yetu mpaka Kigwena tukamshukuru huko. Faridi akabaki. Leo anakanyaga cherehani yake na kulalamika kwamba chai haina sukari.

Ahadi ni deni, wanasema, na Fahima hakuwa mtu wa kumchezea Mungu. Aliyetoa anaweza kuchukua. Tena ziara hii ina sheria moja ambayo hata mtoto wa Buyenzi anaijua. Watu huenda wawili wawili. Ukifika kaburini, mtunza kaburi anamuuliza mwenzako: huyu alikanyaga hatua zote? Mwenzako akisema ndiyo, unaombewa dua na nadhiri yako imeondoka. Kama hakuna wa kukusemea, umetembea bure, nadhiri bado iko shingoni. Mwenzake Fahima alikuwa Raisa.

Basi Gitaza. Mlima ulikuwa umemwaga udongo mwekundu barabarani, pamebaki upenyo wa gari moja tu. Njia ya zamani ya ukingoni ziwa lilikwisha kuimeza tangu maji yalipopanda, kwa hiyo hakuna pengine pa kupita. Bisi nyeupe, iliyoletwa kubeba sufuria na mikeka, ilikuwa imesimama mlango wazi. Tahiri, kiongozi wa safari, alisimama karibu nayo amevaa jile, kizibao chake cha kung'aa, na simu mkononi.

“Pandeni wote,” alisema. “Hapa iko hatari. Tutashuka mbele kidogo.”

“Mbele wapi?” Fahima aliuliza.

“Mbele, mama. Mutaona.”

Fahima alitazama. Wanawake wenye mafurushi ya mihogo vichwani walikuwa wanapita hapo hapo, mmoja na mtoto mgongoni, na hakuna aliyekuwa anakufa. Hatari gani hii inayochagua watu wa ziara peke yao? Alipogeuka, Raisa alikwisha kuweka mguu kwenye ngazi ya gari.

“Wifi, shuka.”

“Mungu anaangalia nia, Fahima.”

“Nia yako ilitamka miguu. Nilikuwepo, mkono wako ulikuwa mkononi mwangu. Ulitaja bisi?”

“Mguu unaniuma.”

“Na wangu unacheka?”

Raisa alipanda. Wakapanda wote, na wazee wenye nguvu zao, na vijana wenye viatu vya michezo. Mlango ukafungwa.

“Mbele kidogo” ilikuwa Magara. Fahima alifika huko baada ya alasiri, peke yake, vidole vimevimba, akawakuta wamekwisha kula na kulala chali kwenye mikeka ya msikiti. Tahiri alikuwa amewaambia wenyeji kwamba nyuma kuna mgonjwa anakuja polepole. Mgonjwa! Walimwekea wali uliobaki chini ya sufuria, akaula kwa njaa na kwa uchungu, na hakumtazama Raisa hata mara moja.

Siku ya tatu aliondoka kabla yao. Udongo wa mlima ulikuwa umebaki Gitaza, lakini bisi iliwapakia hata hivyo, maana sasa hatari ilikuwa jua. Na jua lenyewe, kwa kuona aibu labda, likajificha, mvua ikaanza kunyesha alipokaribia Resha. Akasikia honi nyuma. Alisogea kwenye majani, lakini dereva hakupunguza mwendo, na dimbwi zima likamrukia kutoka magotini mpaka kifuani. Kwenye dirisha la nyuma alimwona Raisa. Raisa alijifunika uso kwa kitenge.

Fahima alitoa tusi ambalo mamake asingependa kulisikia. Akasema astaghfirullah. Halafu akalitoa tena.

Lililomkuta kabla ya Minago ndilo lililomchoma zaidi. Kwenye kona, nyuma ya mitambo ya kukamulia mawese, bisi ilikuwa imeegeshwa kungoja mvua ikatike, na sasa watu wanashuka wakinyoosha kanzu. Bendera ya ziara ilikuwa inafunguliwa. Na Waziri, muuza vitambaa, mwenzake Tahiri katika wale wawili wawili, alikuwa ameinama anajipaka matope kwenye viatu kwa kijiti, taratibu, kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni!

Wakaanza kasida, Tahiri mbele na simu juu, wakaingia Minago kwa miguu yao mita mia tano. Watu wakatoka nyumbani. Waliwaletea maji, wengine walilia. Ajuza mmoja alipiga magoti na beseni akamwosha Tahiri miguu, miguu laini isiyo na hata lengelenge, na Tahiri akafumba macho akamwachia aioshe.

“Mama, inuka!” Fahima alipiga kelele. “Hawa wameshuka kwenye gari sasa hivi! Gari iko pale nyuma ya mawese, nendeni mukaone!”

Watu walimtazama mwanamke aliyejaa tope mpaka kidevuni, kandambili mkononi. Tahiri alifungua macho, akatabasamu kwa huruma.

“Musamehe, ndugu zangu. Jua limempiga tangu jana.”

Na kweli walimsamehe! Ajuza alimletea kikombe cha maji, akampapasa bega, akamwambia pole mwanangu, ukae kivulini. Hakuna aliyekwenda kuangalia nyuma ya mawese. Fahima alikunywa yale maji. Ingekuwa heri wangemtukana.

Siku ya nne waliingia Rumonge. Kutoka Karonda mpaka mjini Fahima alitembea pekupeku kwenye majani ya pembeni, kwa sababu mkanda wa kandambili ulikuwa umemla nyama kati ya vidole. Bisi ilimpita tena. Safari hii hakugeuza hata shingo.

Jioni, katika nyumba ya wenyeji wao karibu na soko la samaki, Raisa alimfuata uani na beseni la maji ya vuguvugu na kikombe cha mawese. Alikaa chini bila kukaribishwa. Akachukua mguu wa wifi yake, akauosha, akaanza kuukanda kwa mafuta, na mikono yake ilikuwa mizuri, Fahima hakuweza kukataa. Kucha mbili zilikuwa zimeng'oka.

“Masikini wifi yangu,” Raisa alisema. “Kesho ni kaburini, kwa Bibi Hadjara.”

“Najua.”

“Mimi nitakusemea. Hatua zote.”

“Na ni kweli.”

“Ndiyo.” Mikono ilisimama. “Na wewe utanisemea mimi.”

Aa! Mkono mtupu haulambwi. Fahima alivuta mguu wake, beseni likapinduka.

“Nisimame juu ya kaburi nitoe ushahidi wa uongo?”

“Maneno mawili tu. Ustadhi anasema ukikataa, na mimi ninyamaze. Utakuwa huna shahidi.” Raisa alikuwa analia sasa. “Fikiria Faridi, Fahima. Nadhiri zote mbili zitabaki zinaning'inia, yako na yangu, na zinaning'inia juu yake yeye. Ni kaka yangu. Unafikiri sina woga?”

“Ulikuwa nao wapi huo woga pale Gitaza?”

Raisa aliokota beseni akaondoka.

Siku ya tano wote walitembea, kwa sababu watu wa Kigwena hukaa barabarani kuwatazama wanaokuja. Kilomita kumi na mbili ziliwatoa jasho wale watu wa kiti, na Waziri alilalamika njia nzima. Fahima alichechemea nyuma yao. Njia ya mwongo ni fupi, alijiambia, lakini ile ya mkweli nayo jamani ina mwisho wapi? Ilimuudhi kwamba alihofia. Ametenda haki, na ndiye anayehofia!

Kaburi la Shehe Uledi limejengewa ukuta mdogo wa mawe mahali michikichi inapokutana na msitu. Mtunza kaburi ni mjukuu wake, Bibi Hadjara, mwanamke mkavu wa miaka sabini ambaye siku nyingine anauza sabuni ya mawese sokoni. Aliwasalimu kwa amahoro, amani iwe nanyi, akawakalisha, akaanza bila maneno mengi. Tahiri na Waziri walisimama kwanza.

“Nani alikanyaga naye?”

“Mimi,” alisema Waziri.

“Hatua zote?”

“Wallahi, hatua zote.”

Wakabadilishana, na Tahiri naye akaapa, kwa sauti nzuri ya mimbari. Wakafuata wengine, wawili baada ya wawili. Hatua zote. Hatua zote. Ikafika zamu yao.

“Fahima,” Bibi Hadjara alisema. “Raisa alikanyaga hatua zote?”

Maneno mawili tu. Ayaseme, arudi nyumbani, mume wake awe salama. Alimwona Faridi kitandani, mshono mrefu tumboni, midomo mikavu. Alifungua mdomo na hakujua nini kitatoka.

“Hapana, bibi. Alikanyaga kutoka Buyenzi mpaka Gitaza. Gitaza alipanda gari, akakaa humo mpaka Rumonge.”

Ikawa zogo. Tahiri alisimama. “Huyu mama jua limempiga! Minago nzima walimwona!”

“Nimekuuliza wewe?” Bibi Hadjara alisema, na Tahiri akakaa. “Raisa. Na Fahima je? Hatua zote?”

Raisa alitazama chini. Tahiri hakuweza kujizuia.

“Shahidi ni yule aliyekuwa ubavuni, bibi, hiyo ndiyo sheria. Raisa, ulikuwa ubavuni mwake?”

“Sikuwa.”

“Basi. Hana shahidi.”

Fahima alitaka kumrukia. Siku tano, kucha mbili, na mtu huyu mwenye miguu ya mtoto mchanga anamfundisha sheria!

“Sikuwa ubavuni mwake,” Raisa alirudia. “Nilikuwa dirishani.”

Aliinua uso, akamtazama Bibi Hadjara.

“Resha tulimrushia matope. Nikajificha uso. Karonda alikuwa pekupeku, anachechemea. Nikamwomba dereva asimame, Ustadhi akasema atatuchafulia viti. Kila siku nilikaa kiti cha nyuma nikimtazama mpaka apotee. Hakupanda kitu, bibi. Hatua zote. Asiyekanyaga ni mimi.”

“Anayejishitaki mwenyewe haongopi,” Bibi Hadjara alisema. Akainua mikono akamwombea Fahima, akamtaja na Faridi kwa jina lake na la mamake, na Fahima akaitikia amina kwa sauti iliyokatikakatika. Nyuma yake watu walianza kuokota viatu, mmoja mmoja, bila kuagana. Tahiri alitangaza kwa nguvu kwamba bisi inaondoka, na wengi walimfuata. Waseme nini?

Raisa alibaki amepiga magoti.

“Wewe rudi Gitaza,” Bibi Hadjara alimwambia. “Pale ulipouinua mguu ndipo uuweke chini. Uje tena, na uje na mtu ubavuni.”

“Nani atakuja na mimi?”

Hakumtazama Fahima alipouliza. Hakuwa na uso wa kumtazama. Na Fahima moyoni alisema akome! Amtafute Ustadhi wake wa viti safi. Alisema hivyo mara tatu, na mara zote tatu alimaanisha. Lakini nadhiri ile iliwekwa kwa pumzi moja, mikono imeshikana, kwa ajili ya mtu mmoja, na nusu yake ilikuwa bado iko barabarani kule Gitaza. Alitazama miguu yake. Alitamani kulia kwa hasira.

“Jumatatu ijayo,” alisema. “Miguu ipone kwanza.”

“Wifi…”

“Usiniite wifi. Na usiniongeleshe mpaka Minago.”