Nenda kwa Lasa

Mwanga ulikuja kwanza. Mwanga mwembamba wa Februari, ukiteremka kutoka kwenye theluji ya mlima, ukajitandaza juu ya maji kama shuka lililotoka kufuliwa. Kisha zikaja mbawa. Minandi saba, ndege wavuvi weusi, shingo ndefu, midomo ya kulabu, wakatua mtoni kwa kishindo. Shuka likakunjamana, na moyo wa Samad Mir ukakunjamana nalo.

"Tokeni! Tokeni hapa, nendeni kwa Lasa!"

Debe likalia. Debe la mafuta ya haradali, limebonyea kila upande kwa fimbo ya majira yote ya baridi. Ndege wakakimbia juu ya maji, wakanyanyuka, wakafuata mto kuteremka, wakalipita daraja la magogo. Kuanzia daraja kuteremka si mto wake tena. Samad akavuta pumzi, na kabla hajaimaliza akasikia bati likigongwa huko chini.

"Rudini! Rudini kwa Samad!"

Wakarudi, wote saba.

Ndivyo ilivyokuwa tangu barafu ya kwanza. Upande wa juu wa daraja mlinzi wa samaki ni Samad. Upande wa chini mlinzi ni Lasa Bhat, mume wa Mukhti, dada yake Samad. Mto mmoja, samaki walewale, na shemeji wawili wanaorushiana ndege kama watoto wanaorushiana mpira wa matambara. Mwezi Machi wangekuja watu wa ofisi ya uvuvi kuhesabu trauti, samaki wa mto ule, kabla ya msimu wa wavuvi. Kipande cha mto ambacho kingekutwa kitupu kingefungwa, na mlinzi wake angetolewa kwenye kibanda cha kazi. Kibanda hicho ndimo alimozaliwa Samad. Mlangoni pake ndipo alipofia baba yake, amekaa, macho mtoni.

Baba alijua kukaa. Samad hakujua. Chai yake ya chumvi aliinywa amesimama, mkate aliula akitembea, swala yenyewe aliisali sikio moja likiwa majini. Toka, nenda kwa Lasa. Alikuwa anaungua kwa wasiwasi mtu huyu, nami sioni sababu ya kumpamba.

"Kaa basi unywe chai, kaka," Mukhti alimwambia siku aliyomletea mkate wa moto.

"Nikikaa, wanakula."

"Na yule wangu ndiyo hayohayo. Mungu kanipa kichaa wa juu kwa kuzaliwa, kichaa wa chini kwa kuolewa." Akatua kapu. "Usiku mwenzako anagonga bati ndotoni. Mimi ndiye bati."

Samad aligeukia mto. Alikuwa anatazama mawe ya ukingoni. Juu ya mawe walikuwa trauti wadogo, wawili hapa, watatu pale, wamelowa ute, madoa mekundu ubavuni bado yanang'aa. Kila siku aliwakuta. Laana ya ndege hawa, alisema, wanaua hata wasichokula. Akaokota fimbo, akaenda kugonga kwa nguvu zaidi.

Asubuhi iliyofuata aliteleza. Jiwe lilivaa barafu, mguu ukaenda kushoto, Samad akaenda kulia, na debe likabiringika mpaka mtoni likiwa linalia lenyewe. Kifundo cha mguu kikavimba. Mukhti akakifunga kitambaa, akamkalisha mlangoni, akamwekea kangri ndani ya joho, kile kijungu cha makaa cha kupashia tumbo joto. Debe alilokwenda kuliopoa akaliweka mbali na mkono wake, kwa makusudi.

Ndege wakaja. Samad akapiga kelele. Hawakujali. Sauti ya mtu aliyekaa haimtishi ndege.

Wakazama. Kila mmoja akaibuka na trauti, akamgeuza, akammeza kichwa kwanza. Saba. Wakazama tena. Kumi na mbili. Samad akauma mdomo mpaka ukatoka damu. Nimekwisha, alijisemea, leo nimekwisha.

Kisha wakaacha.

Wakapanda juu ya jiwe kubwa, wakafungua mbawa, wakasimama kuzikausha. Wakasimama tu. Makaa ya kangri yakapoa, Mukhti akaongeza mengine, na ndege bado wamesimama. Walikuwa wameshiba. Katika majira yote yale ya baridi, Samad hakuwahi kumwona mnandi aliyeshiba.

Adhuhuri mmoja wao akaelea mpaka chini ya daraja. Bati la Lasa likalia. Wote wakashtuka, na hapo, mbele ya macho yake, wakainamisha shingo na kutapika. Trauti mmoja juu ya jiwe, trauti wa pili, wa tano, wa tisa. Wakatua mzigo ili wapate kuruka. Waliporudi walikuwa wepesi, watupu, wana njaa. Wakaanza kuvua upya.

Samad aliwatazama samaki wale juu ya jiwe. Madoa mekundu yaleyale. Kwa siku aligonga mara ngapi? Kumi na tano. Siku nyingine ishirini. Na Lasa ishirini zake. Kila mlio ulikuwa mlo uliomwagwa na mlo mwingine ulioanzwa. Debe lake ndilo lililokuwa likila mto. Alijisikia aibu, aibu ya kweli, ile inayomwashia mtu masikio.

Alijikokota mpaka darajani kwa fimbo, debe begani, trauti mmoja mkononi.

"Shemeji," Lasa alimwita kutoka upande wa pili, "ulinipa dada yako, nikashukuru. Usinipe na ndege zako."

Samad akamtupia samaki miguuni. "Huyo katoka tumboni mwa mnandi. Unajua nani kamtapisha? Mimi na wewe."

Akamweleza. Lasa akamgeuza samaki kwa kidole cha mguu, akamgeuza tena.

"Sasa unataka tufanye nini?"

"Tukae."

"Tukae?"

"Tukae."

"Kaa wewe kwanza."

"Sikuamini."

"Hata mimi sikuamini."

Basi wakakaa pamoja, katikati ya daraja, kila mmoja akimchunga mwenzake. Samad alipindua debe, akaliketia.

Ndege wakaja. Shuka la mwanga likakunjamana. Mmoja akazama upande wa juu, upande wa Samad, akaibuka na trauti amekingama mdomoni, mkia ukipiga maji. Mkono wa Samad ukaenda kutafuta debe, ukalikuta chini yake. Lasa alimtazama kwa pembe ya jicho, fimbo tayari.

"Kula," Samad alimwambia ndege. "Kula. Ila ushibe hapahapa, kwa Samad."

"Au kwa Lasa," Lasa alisema taratibu, akaiweka fimbo chini.

Mnandi akameza. Machi ilikuwa imebakiza wiki mbili. Juu ya maji mwanga ukajinyoosha wenyewe, kunyanzi moja baada ya nyingine, na wale wawili wakakaa, miguu ikiwawasha, wasiinuke.