Siagi Nyuma ya Goti

Genovaitė alimwona kupe Jumapili jioni, akimwogesha mjukuu wake Smiltė kwenye bafu la mvuke. Alikuwa nyuma ya goti, wa kijivu, amevimba kama mbegu ya mbono. Kupe wa siku moja hawi mnene hivyo. Tangu Ijumaa walishinda msituni wakichuma uyoga, na jioni mbili mfululizo alijitupa kitandani bila kumkagua mtoto, ati kachoka. Na Jurga, binti yake, alimwachia mtoto kwa sharti moja tu: amkague kila jioni, la sivyo hamleti tena.

Basi akafanya kama alivyofanya mama yake, maana huko kwao Dzūkija, nchi ya misitu, kila bibi anaijua dawa hiyo. Akachota siagi, akampaka kupe mpaka asionekane, akangoja akose pumzi aachie mwenyewe. Saa nzima! Mtoto anatafuna mkate mweusi, bibi anachungulia goti. Kupe alipoachia, akamtupa motoni.

"Hii siri yetu," akamwambia Smiltė. "Mama asijue."

Mtoto wa miaka sita kupewa siri na bibi yake, mbona alifurahi mno. Kesho yake Jurga akaja kumchukua, wakarudi mjini Vilnius.

Jumanne Genovaitė akamsimulia jirani yake Bronislava, muuguzi mstaafu asiyejua kuremba maneno. Alitaka asifiwe. Bronislava akaweka kikombe chini. Akamweleza kwamba vijidudu vya ugonjwa ule unaovimbisha viungo hukaa tumboni mwa kupe, na damu ya moto ikiingia ndipo vinapoamka. Mara nyingi vinachukua siku nzima au zaidi kufika kwenye mate yake. Ukimng'oa mapema kwa kibano, aghalabu umesalimika.

"Wewe umemwachia siku mbili, kisha ukamziba pumzi," akasema. "Akibanwa anatapika, Geno. Anamtapikia mtoto mwilini."

"Mama alitupaka siagi sote, na tuko hai."

"Na magoti ya mama yako?"

Mama yake Genovaitė alikufa na magoti yamefura kama maboga, na hakuna aliyejua sababu. Bronislava akamsihi ampigie Jurga siku hiyohiyo: wakiona wekundu unaotanuka wamkimbize mtoto hospitali, dawa ipo, mradi wasichelewe.

Hakupiga. Jamani, aliogopa! Tangu afiwe na mume hana mwingine zaidi ya mtoto yule, naye alijua Jurga akisema hamleti, hamleti. Kila asubuhi aliishika simu, kisha akairudisha mfukoni.

Siku ya kumi na tatu tangu ile siagi, woga wa kusema ukazidiwa na woga wa kunyamaza. Akapiga, akatapika yote: zile jioni mbili, siagi, siri.

"Ana duara jekundu nyuma ya goti tangu wiki iliyopita," Jurga akasema. "Linazidi kutanuka. Daktari alisema ni choa, akampa mafuta ya kupaka. Alimwuliza mtoto kama aliumwa na kupe, Mama. Mara mbili alimwuliza."

Genovaitė alisikia simu ikitupwa mezani, makabati yakifunguliwa, Jurga akitafuta viatu vya mtoto ili wakimbie hospitali. Kisha pumzi ndogo ikasogea karibu na simu.

"Bibi," Smiltė akanong'ona, "sikumwambia mtu. Hata daktari."