Watoro Sita wa Sindeni

Asubuhi barua ilipofika, Koplo Fabiani Mdoe alikuwa juu ya paa la Grasiana, mjane wa rafiki yake Kasmiri, pale Sindeni, aking'oa nyasi zilizooza na kuezeka mpya. Kasmiri mwenyewe alikaa chini, juu ya kinu kilichopinduliwa, maji yakimchuruzika kutoka kwenye nywele, vidole na pindo za kaptura yake ya jeshi. Alikuwa amekufa mwaka mmoja na nusu kabla, katika mto mmoja huko Burma. Mwanzoni alijitolea kumrushia Fabiani mafungu ya nyasi, lakini kila fungu aliloshika lililowa chapachapa, na nyasi zilizolowa haziezekwi. Akaambiwa akae, akakaa.

Walikuwa sita. Walitokea barabara ya Korogwe alasiri moja, mwanzoni mwa mwaka 1946, wakitembea kwa mstari kama walivyofundishwa, na kila mmoja akaingia kwao. Hakuna aliyewakimbia. Matanga yao yalikuwa yamekwisha, tena yalikwenda kwa utaratibu. Kwa watu wa pale, aliyefia mbali hawekewi matanga mpaka mtu aliyeshuhudia kifo chake asimame mlangoni na kusema. Fabiani aliporudi kutoka vitani alipita milango yote sita, akavua kofia, akasema alichokiona kwa macho yake, ndipo wanawake wakanyoa nywele.

Sababu ya kurudi kwao ilijulikana. Kwenye ubao wa boma majina yao yalibandikwa chini ya neno moja, WATORO, na mtu aliyekufa akaitwa mtoro hawezi kupumzika. Hawakuomba chakula wala blanketi. Walivuja tu. Kilichotoroka Handeni mwaka ule kilikuwa mvua. Visima vilibaki tope, kwa hiyo wanawake walianza kutega madebe chini ya marehemu wao. Maji yalikuwa safi, ya baridi, yenye ladha ya udongo kwa mbali. Mama yake Simeo aliokoa mbuzi wake wote kwa maji ya mwanawe. Kufa kufaana, walisema majirani, wakaleta ndoo.

Mambo yenyewe ya huko Burma yalikuwa mafupi. Kapteni wao, ambaye askari walimwita Bwana Miwani, aliwaamuru watu saba wavuke mto uliofurika kwa chelezo cha mianzi. Kasmiri, aliyekulia Korogwe ya Kale kando ya mto Pangani, alimwambia kwa heshima zote kwamba mto ule hauvukiki. Bwana Miwani akasema amri ni amri, akabaki ukingoni na darubini yake. Chelezo kilipinduka kabla ya kufika katikati. Sita walizama. Fabiani alinasa kwenye mzizi, akatambaa mpaka nchi kavu na bunduki yake, akawazuia adui peke yake mpaka wenzake wengine walipofika, risasi moja ikiwa imemchana bega. Sasa afande aandike nini? Hawezi kuandika kwamba amezamisha watu sita kwenye mto aliokwisha kuonywa. Akaandika kwamba sita walitoroka na mmoja akasimama imara. Alikuwa na mwandiko mzuri, na wakubwa wakaipenda sana ile habari ya mmoja aliyesimama.

Tarishi aliinyanyua barua kwa ncha ya fimbo yake, Fabiani akaipokea hukohuko juu na kuisoma. Aliitwa Korogwe Jumamosi, kwenye uwanja wa karibu na stesheni, ili aachishwe jeshi rasmi na kuvishwa nishani ya ushujaa. Kabla ya kuvishwa angetia sahihi chini ya habari ya ushujaa wake. Habari ilikuwa imeambatanishwa: Koplo Fabiani Mdoe alishikilia ukingo wa mto peke yake baada ya watu wake sita kutoroka.

Alishuka akawasomea wenye nyumba. Grasiana alikuwa akilikamua shati la mumewe kwenye debe, na hakuacha kukamua.

"Shemeji," alisema, "mimi nilinyoa nywele kwa neno lako. Ulisimama hapo mlangoni ukasema amekufa. Ukitia sahihi, basi nilinyoa bure, na huyu hapa ni mtoro."

"Nilimwambia hauvukiki," alisema Kasmiri. Tangu arudi hakuwahi kusema lingine.

Mama yake Fabiani, Bi Filomena, alikuwa na mawazo yake, na alimwekea mwanawe jioni ile pamoja na ugali. Wakati ule jumbe alikuwa akipita na orodha, akikusanya wanaume wa kupelekwa kwenye mashamba ya mkonge, watake wasitake. Watatu wa kijiji walikwisha kurudishwa juu ya machela. Mtu mwenye nishani ya Mfalme kifuani hagusi orodha ile, na orodha haimgusi. Bi Filomena alikwisha kuzika watoto wawili.

"Mwanangu, wale wamekwisha kufa," alisema. "Karatasi haiui mtu mara ya pili. Anayeweza kufa ni wewe."

Hakuwa amekosea, na hilo ndilo lililomchoma Fabiani, maana angekuwa amekosea angembishia. Kesho yake alirudi juu ya paa la Grasiana akaezeka, akizikaza kamba mpaka zinakatika. Alikuwa na hasira, na hasira yake ilikuwa na sababu yake maalumu. Nishani haikuwa ya uongo yote. Kweli alishikilia ukingo. Kweli alikuwa peke yake. Walichukua usiku mmoja wa kweli katika maisha yake, wakautumia kama msumari wa kugongomelea uongo wao, na sasa walitaka ashike nyundo mwenyewe. Angeweza kusamehe kusahauliwa, wangapi walisahauliwa. Kusifiwa namna ile hakuweza kusamehe.

Ijumaa alfajiri alivaa sare akashika njia. Alidhani anakwenda peke yake, lakini wale sita walikuwa wamekwisha kujipanga kando ya barabara, vifungo vimefungwa, wanamsubiri koplo wao. Walitembea kutwa nzima. Nyuma yao barabara ililowa, na ng'ombe wa Wamaasai waliokuwa wakichunga upande ule waliwafuata mwendo mrefu wakilamba vumbi. Kwenye daraja la Pangani wafu walitembea katikati kabisa, mabega yamegusana, wala hawakutazama chini.

Uwanjani siku ya Jumamosi kulikuwa na bendera, viti vya wakubwa na kamati ya jeshi iliyokuja kwa treni. Mkubwa wao alikuwa Meja mmoja mwenye uso mwekundu na adabu nzuri. Karani wa kamati, kijana msomi wa Kishambaa aliyeitwa Lukasi, alisoma habari ya ushujaa kwa Kiswahili safi. Alipofika kwenye neno kutoroka, sauti yake haikutetereka. Kisha akaweka karatasi mezani, akachovya kalamu, akamkabidhi Fabiani.

Fabiani aliilaza kalamu kando ya karatasi.

"Nishani hii siitaki," alisema. "Watu wangu hawakutoroka. Walikufa majini kwa amri ya Kapteni, na mimi niliwaona. Wenyewe hawa hapa."

Lukasi alitafsiri. Meja alinyoosha shingo akawatazama wale sita, waliosimama wima nyuma ya koplo wao katika dimbwi lililokuwa likipanuka na kusogelea viti vya wakubwa. Aliagiza orodha, akaipitishia kidole polepole, akauliza jambo kwa sauti ya chini.

"Bwana Meja anauliza," alisema Lukasi, "kama walikufa, wanafanya nini Korogwe?"

Fabiani alieleza kwamba wamekuja kwa ajili ya majina yao. Meja alisikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa mtu wa kusikiliza. Kisha akasema kwamba jeshi halina kifungu kinachohusu wafu waliosimama. Lina kifungu kinachohusu watoro waliopatikana nyumbani kwao, na watu hawa, kwa maelezo ya koplo mwenyewe, walikuwa nyumbani kwao Sindeni tangu mwanzo wa mwaka. Alimshukuru kwa kuwaleta.

Lukasi aliwaita majina mmoja mmoja, nao wakaitika. Polisi wakawafunga kamba viunoni.

Likabaki suala la Fabiani. Meja alilifikiria kwa haki kabisa. Ripoti inasema koplo alisimama peke yake. Koplo anasema ripoti ni ya uongo. Basi kwa kinywa chake mwenyewe amekana kwamba alisimama. Asiyesimama alikwenda na wenzake. Lukasi aliongeza jina la saba chini ya yale sita, na kwa kuwa nishani ilikwisha kuandaliwa na haikufaa kurudi bila mtu, ikapendekezwa apewe Kapteni, ambaye kwa hesabu hiyo mpya ndiye pekee aliyebaki ukingoni. Hilo halikuwa uongo. Alibaki ukingoni, na darubini yake.

Walipewa miaka miwili kila mmoja katika shamba la mkonge ng'ambo ya mto. Nyapara wa huko, Habakuki, mzee mkali aliyepoteza jicho moja kwa mwiba wa mkonge, aliwapokea bila maswali. Baada ya wiki mbili alikiri kwamba hajapata kuona wafanyakazi wa namna ile. Hawali posho. Hawaugui homa. Miiba ikiwachoma haitoki damu, yanatoka maji. Asubuhi aliwapitisha kwenye kitalu, watembee tu katikati ya miche kwenda na kurudi, na miche ikasitawi kuliko ya shamba lolote mpaka Mombo, wakati mamia ya watu Handeni wanakunywa tope. Bwana shamba aliandika barua ya shukrani serikalini, akiuliza kama kuna watoro wengine wa aina hiyo.

Fabiani peke yake ndiye aliyeumwa mgongo, akapata njaa, akatoka vidonda mikononi. Bi Filomena alikuja mara moja kwa mwezi na unga na viazi, akamtazama akila, wala hakumlaumu. Alimwambia tu kwamba paa la Grasiana halivuji. Grasiana hakuja. Alikuwa ametuma neno moja, kwamba alichosikia mlangoni kwake kimebaki vilevile, na mwenye kutaka kumwita mke wa mtoro amwite mbele yake. Neno hilo Fabiani alilala nalo na kuamka nalo. Lakini hasira haikupungua, na yeye hakutaka ipungue.

Mwezi wa tisa wa kifungo chao, walikuwa wakikata mkonge kwenye kipande kinachopakana na reli. Treni ya mizigo ya kutoka Tanga ilisimama mahali pasipo na stesheni. Wakaanza kushuka watu. Walikuwa wengi, wamevaa mabaki ya sare. Wengine walivuja kama Kasmiri. Wengine walikuwa na matope ya msituni mpaka kifuani. Wengine walitoa moshi mwembamba mabegani, na kulikuwa na kundi zima la wapagazi waliokufa kwa homa, wakitetemeka kwenye jua lile kali. Walijipanga kando ya reli bila kuambiwa.

Lukasi alikuwa akiwangoja. Alikuwa na meza ndogo, mwavuli na daftari jipya, na polisi wanane wenye kamba.

Fabiani alitupa panga akakimbia kuelekea relini huku Habakuki akimfokea. Alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Aliwaambia wasiitike. Aliwaambia wageuke, warudi, wapande treni, wajifanye hawajui majina yao, wasiitike, ndugu zangu, wasiitike. Kasmiri naye alikuja nyuma yake, akivuja juu ya magogo ya reli, akawaambia hauvukiki.

Wale watu waliwasikia. Baadhi yao waligeuza macho, si kichwa. Lakini walikuwa askari waliofundishwa vizuri, na Lukasi alipofungua daftari na kulitaja jina la kwanza, mwenye jina alipiga mguu chini, akanyoosha mikono, akaitika.