Mwaka Huu Silii

Jina la Mama Kilio hakupewa na mzazi, alipewa na luninga. Kila tamthilia yenye jeneza ilimhitaji, na isiyo na jeneza ilitafutiwa moja ili naye apate kazi. Alizika wana, alizika waume, na safari moja alizika ng'ombe. Machozi yake hayakuhitaji kitunguu. Mwongozaji akinyoosha kidole tu, yanashuka. Sokoni watu asiowajua walimshika mkono wakimpa pole. Muuza nyanya alimwongezea mbili, "za yatima."

Kazi ilikuwepo, ila roho haikutulia. Bibi harusi hajawahi kuwa. Bosi hajawahi kuwa. Hata mwizi, ambaye hukimbia mara moja tu na kukamatwa, hakupewa.

Mwaka mpya ulimkuta saluni kwa wifi yake, dada wa mumewe, akisukwa. Wifi alikuwa ametoka kwenye semina ya malengo, na tangu atoke huko hasuki mtu bila kumpangia maisha.

"Wifi, lengo halikai moyoni likaoza. Litamke mbele za watu, dunia isikie," alisema, akivuta nywele kana kwamba lengo lenyewe limejificha kwenye mizizi. "Mimi langu hili hapa: mwaka huu simsengenyi mtu."

Saluni nzima ikakohoa.

Mama Kilio akajitazama kwenye kioo. "Mwaka huu silii," akasema. "Nataka kuchekesha."

Mteja mmoja akachomoa kichwa kwenye kikausha nywele. "Usipolia, mwenzetu, utakula nini?"

"Nitakula kicheko."

"Haya. Utatuambia kama kinashibisha."

Haukupita muda, mwongozaji wake wa siku zote akampigia simu. Kuna mazishi, tena safari hii ya mfalme.

"Siji. Nimeacha kulia."

"Umeacha? Mama, marehemu ameshapakwa unga!"

"Mwosheni."

Wakamchukua binti mmoja mwenye wafuasi lukuki mtandaoni. Binti akajipaka kitunguu kwa pupa, akashindwa kufumbua macho, akamwangukia mfalme tumboni, na mfalme akatukana. Mama Kilio alipopata habari alicheka peke yake jikoni. Mumewe, fundi cherehani, akaja mbio, tepu ya kupimia inaning'inia shingoni.

"Nani kafa?"

"Nacheka!"

"Aa." Akageuka kurudi kwenye cherehani. "Basi punguza, mke wangu. Mteja kaanza kulia."

Baada ya hapo simu ikanyamaza. Wifi alikuwa na jibu moja tu, kwamba dunia inapanga. Dunia ikapanga, ikapanga, hata mvua zikaja zikaondoka. Ndipo likatoka tangazo la usaili wa kipindi kipya cha vichekesho.

Usaili ulifanyika ghorofani, mbele ya waamuzi watatu waliojipanga nyuma ya meza ya plastiki. Mkubwa wao alivaa miwani ya jua ndani ya nyumba, kama mtu anayeogopa kumulikwa na vipaji. Mama Kilio alikuwa amejiandaa.

"Kuna mwanamume aliibiwa viatu," alianza. "Akaenda mnadani kununua vingine, akavikuta vilevile vyake. Akapandisha bei, akapandisha bei, akashindwa!"

Mwenye miwani akaivua, akajifuta jicho.

"Maskini. Alikuwa na watoto?"

"Hicho ni kichekesho!"

"Najua, mama. Ila kinauma."

Wakanong'onezana. "Hebu tulilie kidogo," akasema mwenye miwani. "Tunamtafuta mwanamke anayeomboleza kila kitu. Chai ikipoa, analia. Soksi ikipotea, analia."

"Sitaki. Lengo langu ni kutolia." Akachukua mkoba, akatoka.

Kwenye ngazi alimpigia wifi yake ili apate nguvu.

"Simama hapohapo! Lengo ni lengo!" wifi alifoka. Kisha sauti ikashuka. "Lakini ya mwenye nyumba wangu umeyasikia? Usinitaje..."

Alianza na mwenye nyumba, akaja kwa mkewe, akamalizia na shemeji yao aliyekuja kutembea akasahau kurudi. Hakubakiza mtu. Mama Kilio akaishusha simu sikioni na kuitazama. Kama mwalimu mwenyewe analitafuna lengo lake kwa raha namna hii, mwanafunzi analinda la nini? Akapanda ngazi.

"Sawa," aliwaambia waamuzi. "Lakini huyo mwanamke asiwe mjinga. Analia, na bado anawashinda wote."

Walikubali upesi, kama wakubalivyo watu ambao hawajafikiri.

Wakampa birika lililovunjika mdomo. Akalipakata kama mtoto mwenye homa.

"Umenimiminia miaka yote," akaanza taratibu, "leo utajieleza kwa mdomo gani?"

Mwenye miwani akateleza kwenye kiti. Mpiga picha akacheka hata kamera ikatikisika. Kile kicheko kilimpiga Mama Kilio kama kofi, kwa kuwa kila alipolia kazini alimlilia marehemu mamaye mzazi, na hakuna aliyejua. Halafu kikaanza kuwa kitamu. Akaona haya kwamba ni kitamu, na haya hiyo ikamliza zaidi.

Kipindi kilipoanza kuonyeshwa, mtaa mzima uligeuka. Hakuna tena aliyempa pole. Alichekwa kabla hajasalimia.

Kisha akafariki baba mdogo wa mumewe, mkwe pekee aliyekuwa akimwita kwa jina lake halisi. Makaburini Mama Kilio alilia kweli. Nyuma mtu akakohoa. Mwingine akajifunika mtandio usoni, mabega yanamcheza.

"Nalia kweli, jamani!" akasema.

Hapo ndipo alipoharibu kabisa. Hata wabeba jeneza walilitua chini kwa kicheko.

Mjane akainuka. Alimjia Mama Kilio moja kwa moja, naye akajiandaa kupigwa. Lakini mjane alimkamata mikono yote miwili, midomo inamtetemeka, mpaka kicheko kikampasuka.

"Sijacheka tangu alazwe," alisema akitweta. "Lia, mwanangu. Usininyamazie."

Akalia. Wakashikana hivyo, mmoja analia na mwingine anacheka, jeneza likaenda kaburini bila wao, na ikabidi mume wa Mama Kilio arudi kuwaita.